Ng'ombe wamefungwa, usugu unazurura

Kuku akianza kuzubaa, mabawa yakalegea na kinyesi kikawa cha kijani, mfugaji mdogo wa mjini hakai kusubiri. Anaichukua kapsuli ya rangi mbili iliyosalia siku mtoto alipougua kikohozi, anaifungua kwa kucha, anaumimina unga wake kwenye kopo la maji ya kuku na kuukoroga kwa kidole. Kidole hicho ndicho kitakachomega ugali jioni. Tendo hili halina mji wake. Hufanyika Kawangware jijini Nairobi, hufanyika Vingunguti jijini Dar es Salaam, na katika nyua za Cibitoke, kaskazini mwa Bujumbura nchini Burundi, halimshangazi mtu. Anayelifanya si mjinga wala mzembe. Ana kuku ishirini, ada ya shule imo ndani ya kuku hao, na daktari wa mifugo hayupo karibu.

Dalili hizo mara nyingi ni za kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, na kideri huletwa na virusi. Antibiotiki haina ubavu kwa virusi. Kuku watakufa kana kwamba wamenyweshwa maji matupu. Ila unga ule haukwenda bure: tumboni mwa kila kuku umekutana na bakteria wasiohesabika, wengi wao wakiishi humo bila kumdhuru mtu. Umewaua waliokuwa dhaifu, ukawabakiza wale wachache wanaoweza kuustahimili, yaani walio sugu. Sasa uwanja ni wao. Bakteria aitwaye Escherichia coli, akipata chakula na joto la kutosha, hugawanyika na kuwa wawili kwa dakika ishirini hivi. Hesabu ya siku moja tu inatisha.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Bakteria hawangoji kuzaa ndipo warithishane ujuzi. Wana vipande vidogo vya vinasaba vya mviringo, viitwavyo plasmidi, ambavyo humpa jirani yao aliye hai, hata kama jirani huyo ni wa ukoo mwingine kabisa. Katika plasmidi moja huweza kukaa usugu dhidi ya tetrasaiklini, ampisilini, salfa na streptomaisini kwa pamoja, kama funguo nyingi kwenye kamba moja. Kwa hiyo mfugaji anayewapa kuku wake tetrasaiklini peke yake anaweza, bila kujua, kuwa anatunza usugu dhidi ya dawa ambayo hajawahi kuigusa. Na dawa za bandani na dawa za zahanati zina ukoo mmoja. Oksitetrasaiklini anayodungwa ng'ombe na tetrasaiklini aliyopewa bibi ni ndugu, na bakteria anayemjua mmoja huwa amekwisha kumjua mwingine.

Haya yamejulikana kwa karibu miaka hamsini. Mwaka 1976 daktari Mmarekani, Stuart Levy, na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwenye shamba moja la kuku jimboni Massachusetts. Walianza kuwalisha kuku chakula kilichotiwa tetrasaiklini. Haikupita wiki moja, karibu bakteria wote wa matumboni mwa kuku hao walikuwa sugu kwa dawa hiyo. Watu wa shambani hawakuila dawa, wao walikuwa wakiwahudumia kuku tu. Miezi mitano au sita baadaye, asilimia 31.3 ya sampuli za choo zao za kila wiki zilikuwa na bakteria ambao zaidi ya asilimia 80 ni sugu. Kwa majirani zao kiwango hicho kilikuwa asilimia 6.8. Usugu ulikuwa umetoka bandani ukaingia ndani ya nyumba.

Ile ilikuwa Massachusetts. Cibitoke ni hadithi nyingine. Ukivuka mto Ntahangwa kwenda kaskazini na kuipita Ngagara, unafika kwenye mitaa ya watu wa kazi za mikono na biashara ndogondogo: Cibitoke, Mutakura, Kamenge, Kinama. Cibitoke ina barabara zinazoitwa kwa namba na nyua ambazo kaya kadhaa huchangia mlango mmoja, choo kimoja cha shimo na kamba moja ya nguo. Isichanganywe na Cibitoke nyingine ya mbali zaidi, kaskazini-magharibi kwenye bonde la Rusizi, iliyokuwa mkoa hadi mgawanyo mpya wa mwaka 2025 ulipoiweka ndani ya mkoa mpana wa Bujumbura. Ajabu ni kwamba Cibitoke hizo mbili sasa zinakaa chini ya mkoa mmoja, moja ikiwa mtaa wa mjini na nyingine ya wakulima, na bidhaa hazikatiki njiani kati yao. Maziwa, mayai, mbuzi na mboga za lengalenga hushuka mjini kila siku, na kila kimoja huja na bakteria wake.

Burundi ina zaidi ya watu 400 kwa kila kilomita ya mraba, na ng'ombe ni heshima ya kale. Hata salamu ya Kirundi, Amashyo, ni dua ya kumtakia mwenzako makundi ya ng'ombe. Nchi ya vilima ikijaa watu kiasi hicho, malisho huisha, mifugo huingia kwenye mashamba ya watu na udongo huchukuliwa na mvua. Ndiyo maana tarehe 4 Oktoba 2018 ilitungwa sheria namba 1/21, inayoamuru mifugo ifugwe bandani moja kwa moja na kukataza wanyama na kuku kuzurura. Wafugaji walipewa miaka mitatu ya kujiandaa, na Oktoba 2021 sheria ikaanza kutumika. Ng'ombe hukatiwa majani na kuletewa, na samadi yake hukusanywa badala ya kupotea njiani. Pamoja na sheria hiyo kuna miradi, ukiwemo ule wa mfuko wa kimataifa wa maendeleo ya kilimo, IFAD, ambayo huipa familia ng'ombe kwa sharti kwamba ndama apewe familia nyingine. Utaratibu huo huitwa mnyororo wa mshikamano.

Siipingi sheria hiyo. Mtu aliyeona mtaro wa mmomonyoko ukila shamba la mahindi hawezi kuipinga. Ninachosema ni kwamba ilipomwondoa ng'ombe kilimani ilimsogeza karibu na jiko. Zamani alikunya mlimani, jua likakausha. Sasa anakunya hatua tano kutoka mahali mtoto anapotambaa, na kinyesi hicho hukusanywa kwa mikono na koleo, hupakiwa gunia, hubebwa kichwani hadi bustanini. Mwenye ng'ombe mmoja bandani humkamua, humsafishia, humlisha na humtibu yeye mwenyewe, kisha huingia ndani kupika. Na ndama wa mshikamano hafiki kwa jirani peke yake. Anafika na kila kilichomo tumboni mwake.

Je, kweli bakteria wa mnyama na wa mtu huchanganyika kiasi hicho katika miji yetu? Utafiti ulio bora kuliko wote ninaoujua ulifanyika Nairobi, chini ya mradi ulioitwa UrbanZoo. Watafiti walizunguka katika kaya 99 wakachukua sampuli kwa watu, kwa mifugo na kwa wanyama wa porini wanaoishi karibu na nyumba, kisha wakasoma vinasaba vyote vya bakteria 1,338 wa aina ya E. coli. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 na Dishon Muloi na wenzake yanahitaji kusomwa polepole, maana hayaungi mkono hofu nyepesi. Kilichoamua zaidi nani ana bakteria gani kilikuwa nyumba anayoishi na aina ya kiumbe. Bakteria yuleyule kupatikana kwa mtu na kwa mnyama lilikuwa jambo lililotokea kweli, lakini mara chache ukilinganisha. Mpangilio wa vinasaba vya usugu ulikuwa na sura yake tofauti, sura inayolingana na watu na wanyama waliokutana na dawa zilezile. Kwa maneno mengine, ng'ombe na mwenyewe si lazima waambukizane ndipo wafanane. Inatosha wote wawili kuchomwa dawa za kabati moja.

Nimeutaja utafiti huo kwanza kwa sababu mara nyingi magazeti yetu huandika kana kwamba kila kuku ni bomu. Sivyo. Lakini tusiishie Nairobi. Kaskazini mwa Tanzania, kwa Wamaasai, Waarusha na Wachaga, watafiti walizifikia kaya 425 na kukusanya bakteria 62,376 kutoka kwa watu, mifugo, mbwa, wanyamapori na vyanzo vya maji. Murugan Subbiah, Douglas Call na wenzao walipochapisha matokeo mwaka 2020 walileta habari iliyowashtua wengi. Usugu ulikuwa wa sura moja kila mahali, kwa mtu, kwa mbuzi, kwa mbwa na ndani ya maji, na vinasaba havikuonyesha ukuta wowote kati ya bakteria wa mtu na wa mnyama. La pili lilikuwa zito zaidi. Walipotafuta ni nini kinachoongeza uwezekano wa kaya kuwa na bakteria sugu, hawakupata ushahidi kwamba ni matumizi ya dawa za mifugo. Walichokuta kina nguvu ni mambo ya maisha yanayowapa bakteria njia ya kupita kutoka kiumbe mmoja hadi mwingine.

Hapa ndipo ninapotaka tutulie, maana jambo hili linageuza mazungumzo yote. Kila semina ya usugu wa dawa ninayoifahamu humsimamisha mfugaji mbele na kumkaripia: usinunue dawa dukani, usimdunge ng'ombe mwenyewe, maliza dozi. Maneno hayo ni ya kweli, na kapsuli ile ya rangi mbili haikupaswa kamwe kuingia kwenye kopo la kuku. Lakini dawa huzalisha usugu, nao uchafu huusafirisha. Ukipunguza dawa huku ukiacha watu watatu, mbuzi wawili na kuku ishirini wakinywa, wakioga na kunya ndani ya ua mmoja wenye bomba linalotoa maji kwa kubahatisha, bakteria sugu aliyekwisha kuzaliwa ataendelea kuzunguka. Kumwambia mama wa Cibitoke anawe mikono kila akitoka bandani kunahitaji kwanza awe na maji ya kunawia.

Warundi hawahitaji kufundishwa somo hili na watu wa mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi yao ilipigwa na kuhara damu kulikoletwa na Shigella dysenteriae aina ya kwanza, bakteria aliyekuwa akisambaa Afrika ya Kati tangu mwaka 1979. Kila dawa ya kumeza ilipotumiwa kwa wingi, bakteria huyo aliizoea, ikabidi itafutwe nyingine. Mwaka 1994 jarida la kitabibu la Marekani liitwalo Journal of Infectious Diseases lilitoa makala kuhusu Burundi yenye neno la kuogofya kwenye kichwa chake: usugu dhidi ya dawa zote. Bakteria waliopimwa walikuwa wamezishinda antibiotiki zote za kumeza zilizokuwa zikitumika nchini. Julai mwaka huohuo, ng'ambo ya ziwa Kivu, wakimbizi wa Rwanda walimiminika Goma, na kipindupindu kikifuatiwa na kuhara damu vikawaua makumi ya maelfu kwa wiki chache.

Ng'ombe hawakuhusika katika balaa lile. Shigella ni bakteria wa binadamu, hupita kutoka choo cha mtu hadi mdomo wa mtu. Nimelikumbusha kwa sababu linaonyesha siku dawa zinapokwisha nchi hubaki na nini: maji, sabuni, choo na mtu wa kumtunza mgonjwa. Na kilichoruhusu ugonjwa ule kuenea bado kipo. Tarehe 1 Januari 2023 wizara ya afya ilitangaza mlipuko wa kipindupindu, na mitaa ya kaskazini mwa Bujumbura ikawa miongoni mwa ile iliyoguswa mwanzo kabisa. Njia kinayopita kipindupindu ndiyo njia anayopita bakteria sugu wa ng'ombe. Tofauti ni kwamba kipindupindu hupiga kelele, na huyu mwingine huja kimya, akajulikana siku mjamzito anapopata homa baada ya upasuaji na sindano ya tatu ikashindwa.

Mama huyo atapelekwa wapi? Kamenge, jirani kabisa na Cibitoke, kuna hospitali ya chuo kikuu ambayo wenyeji wameizoea kwa jina la Roi Khaled. Kuwa na hospitali karibu ni bahati. Lakini kujua dawa ipi bado inafanya kazi kunahitaji kuotesha bakteria wa mgonjwa maabarani na kuwajaribu kwa dawa moja baada ya nyingine, kazi ya siku mbili au tatu inayotaka vifaa, umeme usiokatika na mtaalamu. Uchunguzi uliofanywa katika nchi 14 za Afrika, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwemo, na kutangazwa mwaka 2022, ulikuta kwamba kati ya maabara takriban 50,000 za tiba ni asilimia 1.3 tu zinazopima bakteria. Burundi haikuwa katika orodha hiyo, na sioni sababu ya kudhani kwamba nchi yenye kipato kidogo kuliko zote tatu ina nafuu. Daktari asiye na maabara hubahatisha. Akibahatisha huanza na dawa kali ili asikosee, na dawa kali ikitumiwa na kila mtu huchoka mapema.

Wapo waliofanikiwa kurudi nyuma. Novemba 2015 wanasayansi wa China walitangaza kwamba wamepata kinasaba kiitwacho mcr-1 kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa, kinachowakinga bakteria dhidi ya kolistini, dawa ambayo madaktari huiweka akiba ya mwisho. Kolistini ilikuwa ikitiwa kwenye chakula cha nguruwe kwa tani nyingi ili wanenepe haraka. Mwaka 2017 China ikapiga marufuku matumizi hayo, na vipimo vya miaka iliyofuata vikaonyesha mcr-1 ikipungua, kwa nguruwe na kwa watu. Umoja wa Ulaya ulikuwa umekwisha kukataza antibiotiki za kunenepesha mifugo tangu Januari 2006. Nazitaja nchi hizo kwa furaha, ila mfugaji wetu hayuko kwenye kundi hilo. Yeye hatii dawa ili kuku anenepe. Anatia ili kuku asife. Marufuku peke yake itamwachia kuku mfu.

Kwa hiyo tuanze na kinachomfanya aikimbilie ile kapsuli. Kideri kina chanjo. Ipo aina iitwayo I-2, iliyotengenezwa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na majokofu, inayostahimili joto kuliko chanjo za kawaida, na Tanzania imekuwa ikiizalisha. Ni tone moja kwenye jicho la kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Mtu mmoja aliyefundishwa mtaani anaweza kuzunguka kuanzia barabara ya kwanza hadi ya mwisho kwa siku chache. Ng'ombe naye ana ndigana kali, ugonjwa wa kupe, na chanjo yake iliyobuniwa Muguga, Kenya, hutolewa pamoja na sindano ya oksitetrasaiklini ya kukaa mwilini muda mrefu. Naipenda habari hiyo kwa sababu inamtendea haki mtuhumiwa wetu: sindano moja ya antibiotiki iliyowekwa mahali pake inaweza kumwepusha ng'ombe na sindano nyingi za kubahatisha kwa maisha yake yote.

Samadi nayo isichukuliwe mbichi kwenda kwenye lengalenga. Ikirundikwa vizuri, ikageuzwa na kuachwa ichemke yenyewe kwa wiki kadhaa hadi mkono usiweze kukaa ndani ya rundo, bakteria wengi hufa. Shida ya Cibitoke ya mjini ni nafasi. Rundo la samadi linahitaji pembe ya ua, na pembe ya ua imekwisha kujengwa chumba cha kupangisha.

Maziwa ndiyo yananisumbua kuliko yote. Kuyachemsha huua bakteria, na kila mtu anajua hivyo. Dawa haifi kwa kuchemshwa. Ng'ombe aliyetibiwa ugonjwa wa kiwele kwa antibiotiki hutoa dawa hiyo kwenye maziwa kwa siku kadhaa, na chupa huandikwa idadi ya siku ambazo maziwa hayo hayafai kunywewa, mara nyingi kwa lugha asiyoisoma mwenye ng'ombe. Wanawake wanaogandisha maziwa wana kipimo chao cha zamani: wakiona yamekaa hadi siku ya pili na kugoma kuganda, hujua ng'ombe alidungwa, kwa kuwa dawa imewaua hata bakteria wema wa kugandisha. Ni kipimo kizuri kuliko maabara nyingi tulizonazo.

Basi maziwa ya siku hizo yanatakiwa kumwagwa. Mwenye ng'ombe mmoja, ambaye mteja wake humlipa mwisho wa mwezi na ambaye watoto wake hunywa kinachobaki, anaambiwa amwage lita zote za wiki. Hakuna sheria wala mradi ninaoujua unaomlipa hata faranga moja kwa lita hizo. Na akitii, akayamwaga, atayamwagia kwenye mtaro unaopita mbele ya lango lake. Mtaro wa mitaa hii mvua ikinyesha huteremka na taka zake kuelekea ziwani, kwenye Tanganyika ileile ambako shirika la maji, REGIDESO, huchota maji ya kuuletea mji.